Dada, Anza na Kikombe

Dada yangu,

Naandika hapa hadharani kwa kuwa simu zangu huzipokei, na ujumbe ninaokutumia unausoma bila kuujibu. Natumai goti limepata nafuu.

Bado yananikereketa maneno uliyoyasema siku ya hitma ya Mama. Kuifunika kwa kanga ile picha niliyoiacha ukutani, kabla wageni hawajaingia sebuleni, sikuoni vibaya; mwanamke yule amekaa kifua wazi, na nyumba yetu ya Kibokoni siku ile haikuwa mahali pake. Lakini uliifunua tena mbele ya mashangazi, ukawaeleza kwamba aliyeichora alimkatakata mwanamke kwa sababu anamchukia, na kwamba mimi niliyeitundika sina tofauti naye. Shangazi mmoja alicheka.

Hukuitazama, Dada. Ni nakala ya Le goûter, yaani chai ya alasiri, ya mchoraji Mfaransa Jean Metzinger, aliyoichora mwaka 1911, na yenyewe iko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, Marekani. Mwandishi André Salmon aliiita Mona Lisa wa kubizimu, ule mtindo wa kuchora kitu kikiwa kimegawanywa vipande na kuonekana kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Mwanamke ameshika kijiko, na mbele yake pana kikombe kilichogawika katikati: nusu moja unaiona kwa ubavu, kama aliyeketi naye mezani, na nusu ya pili unaichungulia kutoka juu, kama aliyesimama na birika akitaka kumwongeza chai. Uso nao ni hivyo hivyo, wa mbele na wa ubavuni kwa pamoja. Metzinger alishikilia kwamba mchoraji anaweza kukizunguka kitu, kisha akayakusanya yote aliyoyaona katika picha moja. Kwa maoni yangu, anayekuchukia hajisumbui kukuzunguka. Anakutazama mara moja tu, kisha anaondoka.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma, ukinifuatisha herufi kwa kidole, na subira ile sijaisahau. Basi nakusihi usiihukumu picha kwa kuipitia tu, wala usinihukumu mimi kwa kuwa nilifika mazishi yamekwisha. Hukuuliza nauli niliipata wapi, wala hukuuliza dawa za Mama zilikuwa zikilipiwa na nani miezi yote ile, nami nilinyamaza nisije nikaonekana ninajisifu mbele ya watu.

Picha usiishushe. Mashangazi wakija tena, mfunike kifua, na uwaachie uso na kikombe wavitazame.