Shoga, ile nyumba ya Raskazone nimeiona

Salaam aleikum shoga, hamjambo huko? Mama Zuhura mguu umepoa? Huku salama, joto tu ndo linatumaliza. Voisi zako nimezisikiliza nusu nusu bando likakata, nikaona bora niandike yote kwa pamoja.

Ile nyumba ya kupanga uliyonituma, hapa Tanga mtaa wa Raskazone, nimekwenda kuiangalia. Ni ile ya kona, jirani na alipokaa yule Mgiriki wa mkonge, wa mbwa wakubwa, tuliokuwa tukipita kwake mbio viatu mkononi. Nzuri jamani, baraza pana, bahari unaiona. Lakini dalali hata jina hajaniuliza, kaanza na "huyo mpangaji yuko kampuni gani?" Namwambia mumewe kahamishiwa bandarini, akauliza bandari yenyewe au wakandarasi? Nilivyosema bandari yenyewe uso ukamshuka. Af bei kataja kwa dola. Nikamwambia si walishapiga marufuku bei za dola tangu 2025? Kacheka, "dada, utalipa shilingi, mahesabu tu ndo ya dola."

Babu alikuwa akitusimulia, enzi za Mwingereza huku ndo Uzunguni, Mhindi mjini kwenye maduka yake, Mwafrika Ngamiani kwenye barabara za namba, ukionekana Raskazone basi wewe ni mpishi, yaya au shamba boi. Mkonge ukaja kuporomoka na mashamba mengi yakataifishwa, halafu 1971 ikaja ile sheria ya majumba, ya kupangisha yaliyozidi thamani ya laki moja yakachukuliwa, Wahindi wengi wakafunga virago wakaenda zao. Ndo wakaingia kina baba Sele, mabosi wa mashirika, kodi ya bure bure tu.

Sasa njoo uone. Tangu waweke jiwe la msingi la bomba la mafuta pale Chongoleani 2017, bomba la kilomita 1,443 toka Hoima Uganda, jioni ukipita barabara ya ufukweni unakuta Mchina anakimbia, Mganda na mkewe, wazungu, Mchaga wa magari, Mhindi ambaye wazee wake walihamia Canada kaja kutafuta kwao. Watu wanasifu ati mtaa umechanganyika. Umechanganyika rangi, mfukoni ni walewale! Zamani kila nyumba kubwa uani ilikuwa na boi kota, kibanda cha watumishi, na familia ndani, kina Hamisi wa uani tukisoma nao darasa moja, ugali wao tunakula. Leo boi kota ndo wanaziita apatimenti. Nimeingia moja hapo hapo kwenye nyumba yako (naiita yako wakati hata hujalipa), kidirisha ni kile kile cha kichwa kimoja, wamebandika AC juu yake, na ukuta palipokuwa na jiko la kuni wamepaka rangi nyeupe lakini masizi yanachungulia.

Na aliyekuwa anakaa mle unajua nani? Mzee Shekue! Mtumishi toka enzi za yule Mgiriki, akarithiwa na kila aliyekuja, kapewa notisi ya mwezi, kaenda Pongwe kwa binti yake. Sijui nilie au nicheke, maana mie na bomba sina ugomvi, mdogo wangu kapata ulinzi huko na bati la mama limebadilishwa kwa hela hiyo hiyo. Na hao wageni ndo wananunua visheti vyangu, bila kuuliza bei mara mbili kama nyie. Ila ile ya kuulizwa kampuni kabla ya jina imenikaa kooni, babu yangu wangalau walikuwa wakimwangalia ngozi na yeye anajua kabisa anazuiwa kwa nini.

Haya tuache. Chumbageni mama Fatu ana vyumba vitatu na kisima uani, bahari huioni lakini majirani unao na kodi anapokea kwa miezi mitatu mitatu.

Sasa nambie: mumeo anapewa posho ya nyumba au mnajilipia wenyewe? Wataka bahari kweli au wataka kuwaringia mawifi? Watoto shule mmeshatafuta? Na namba ya Hamisi unayo, nimtafute anipeleke kwa mzee Shekue huko Pongwe? Nijibu kabla ya Ijumaa, dalali ananiambia kuna Mganda anaizungukia hiyo nyumba na mie sijui nimjibu nini.

Wako,
Mwanaidi