Kisumu tumeogopa kukonda mno

Mhariri,

Aprili tulimzika kaka yangu mkubwa, akiwa na miaka 47. Alianguka asubuhi akijiandaa kwenda dukani kwake Kondele, na kabla hatujamfikisha hospitalini alikuwa amekata roho. Matangani kila mtu alisema ni presha. Hakuna aliyetaja kilo zake 118, hata mimi dada yake.

Acha nizitaje leo. Mafuta yanayojaa tumboni, yakazunguka ini na viungo vya ndani, ndiyo hupandisha presha, sukari na kolesteroli, na mishipa inayolisha moyo ikaziba pole pole. Moyo wenyewe husukuma kwa nguvu kila siku mpaka misuli yake inakuwa minene na migumu. Presha tuliyoilaumu ilikuwa na chanzo, nacho tulikuwa tukikiona kila siku mezani.

Najua kwa nini huku Nyanza hatusemi. Ukimwi ulituzikisha watu wengi mno, na wengi walikonda kwanza mbele ya macho yetu. Hofu ile haijatutoka. Mwaka juzi kaka aliacha soda, akawa anatembea kwa miguu kutoka Kondele hadi mjini, akapungua kilo tisa. Wifi yangu akaulizwa sokoni Kibuye kama mumewe ameanza kumeza dawa. Majirani wakaanza kumtazama kaka kwa huruma. Hakuvumilia. Akarudia chapati na nyama ya kukaanga, mashavu yakajaa, tukamsifu kwamba amerudisha mwili. Nilimsifu kwa mdomo wangu huu. Mshipi wake ulipofika tundu la mwisho, alitoboa jingine kwa msumari, tukacheka.

Shirika la Afya Duniani linasema hatari huongezeka sana kiuno cha mwanamume kikipita sentimita 102, na cha mwanamke 88. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mashine za presha na mizani. Naiomba kaunti iwatume makanisani, kwenye vyama na steji za bodaboda, kwa sababu wanaume wetu hawaendi kliniki mpaka wabebwe. Wapime viuno pia, na wamwambie mtu ukweli bila kumwaibisha.

Mwana wa kwanza wa marehemu ana miaka 19 na kitambi kimeshaanza. Nimemwomba Jumamosi aje nyumbani kwa shangazi yake, twende sote tukapimwe.

Dada wa marehemu,
Kisumu