Barua kwa mwanangu, kabla majibu hayajatoka

Mwanangu,

Nakuandikia leo kwa makusudi, tukiwa bado hatujui kitu. Majibu yako yakishatoka, kila neno langu litapimwa kwa majibu hayo. Yakiwa mazuri, watasema baba yako alikuwa na moyo mkubwa kwa kuwa hakupoteza chochote. Yakiwa mabaya, watasema anamkingia kifua mama yako. Nimeona niyaandike mapema, ili siku utakapoyasoma ujue yalikuwa hivihivi kabla simu haijaita.

Tunachosubiri ni kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama yako amebeba kinasaba chake, nami nimekibeba. Yeye ndiye aliyeanza kujua, kwa sababu mjamzito ndiye anayepimwa kwanza. Kliniki wakamwambia aje na mwenzake. Nikaenda, nikatoa mkono, na karatasi yangu ikaja na herufi zilezile zilizokuwa kwenye yake: AS. Hakuna kati yetu aliyewahi kulazwa kwa ajili ya damu yake. Tumekua, tumesoma, tumebeba mizigo na kukimbia mvua kama watu wengine, na kama usingekuja wewe pengine tungezeeka bila kujua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu. Moja humtoka baba, nyingine humtoka mama. Ya kawaida huitwa A, ya selimundu huitwa S. Mimi nina A moja na S moja, na mama yako vivyo hivyo. Ulipotungwa, kila mmoja wetu alikupa moja tu, bila kuchagua wala kuulizwa. Robo ya uwezekano ni kwamba sote tulikupa A. Nusu ni kwamba mmoja alikupa A na mwingine S, na hapo utakuwa kama sisi. Robo iliyobaki ni kwamba sote wawili tulikupa S. Hiyo ndiyo inayotukosesha usingizi. Na hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Haijali waliotangulia walipata nini.

Sasa nataka usome hapa polepole. Ili uwe na ugonjwa huu ni lazima upokee kutoka kwetu wote wawili. Mama yako peke yake hawezi kukupa, hata angetaka. Mimi peke yangu siwezi.

Nayasema haya kwa sababu nimesikia yanayonong'onwa. Kuna ndugu yetu mmoja, simtaji maana utakuja kumpenda na yeye anakupenda kweli, alikuja kukuona. Akakushika, akakusifu macho, halafu akauliza mbele ya mama yako: "Hii imetokea upande wa nani?" Aliuliza huku anamtazama yeye. Mimi nilikuwa nimeketi palepale, na damu yangu nimeipeleka maabara ikasomwa, lakini swali halikunijia. Nikajibu mimi: pande zote mbili, sawasawa. Akanitazama kana kwamba nimetamka kitu kisicho na adabu mbele ya wageni. Mazungumzo yakahamia kwenye uzito wako.

Wala si jambo la kubahatisha. Mwaka 1910 daktari wa Chicago aitwaye James Herrick alieleza kwa mara ya kwanza kwenye jarida la kitabibu zile seli nyekundu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 mtaalamu mwingine wa Marekani, James Neel, akawapima wazazi wa wagonjwa, akaonyesha kwamba mtoto huugua pale baba na mama wanapokuwa wamebeba kinasaba hicho wote wawili. Bibi na babu zako hawajazaliwa wakati huo. Lakini hadi leo, mtoto akizaliwa na selimundu, macho yote humgeukia aliyemzaa, na mwanamume huachwa aketi pembeni kama shahidi. Wako wanaume waliokimbia nyumba zao kwa sababu hii, wakaenda kuanza upya kwingine, na hicho kinasaba wakiwa wameondoka nacho.

Kuna na wanaosema ni laana ya ukoo. Ukikutana nao, waambie hivi: mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye S moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea sana kwenye maeneo yaliyopigwa na malaria kwa karne nyingi. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wahenga wangu, na wa mama yako, walivuka utoto kwa sababu walikuwa nacho. Ni shida tu kwamba kinachomlinda mwenye kimoja humuumiza mwenye viwili.

Nikueleze ulivyopimwa, kwa sababu utaniuliza. Kwa kweli ulipimwa mara mbili, na ile ya kwanza ilitukata maini.

Simu iliita asubuhi nikiwa natafuta soksi yako ya pili. Sauti ikajitambulisha kwamba inapiga kutoka hospitali, ikauliza kama mimi ni mzazi wa mtoto wa fulani, ikanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa. Mama yako alikuwa kitandani anakunyonyesha, ananitazama usoni. Sikujua niuweke vipi uso wangu. Wewe huna hili wala lile, unanyonya. Mwishowe wakasema sampuli haikufaa, tukurudishe itolewe nyingine. Nikashusha pumzi, halafu hasira zikanipanda. Mtu anayempigia mzazi simu kuhusu vipimo vya mtoto angetamka jambo lenyewe kwenye sentensi ya kwanza, ndipo afunue karatasi zake baadaye. Sijui kama hilo hufundishwa popote, ila linastahili kufundishwa.

Tuliporudi, tulimkuta muuguzi mtu mzima, mama yako akamwamkia na yeye akamwita "mwanangu" papo hapo. Akatuonyesha ile karatasi ya kwanza ilipoharibikia. Ni karatasi nene nyeupe yenye miduara iliyochorwa, na kila mduara unatakiwa ujae kwa tone moja lililopenya hadi nyuma. Kwenye yako, mduara mmoja damu ilikuwa juu tu, haikupenya. Mingine miwili tone lilikuwa limerundikwa juu ya tone. Damu ya namna hiyo huwapa maabara kipimo cha uongo, na bora waikatae.

Safari hii akaanza kwa kuupasha joto mguu wako kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akisema damu haiji kwenye mguu wa baridi. Akamwambia mama yako akuweke kwenye titi kwanza, kwani mtoto anayenyonya maumivu humpungukia. Akakushika kifundo, akachagua ubavu wa kisigino, maana katikati mfupa uko karibu na ngozi. Akachoma. Ulilia mara moja, ukaacha titi, ukalirudia. Tone la kwanza alilifuta. Akangoja la pili likue lenyewe bila kukuminya, likaning'inia, akaligusisha karatasi mara moja tu, akaigeuza kuangalia nyuma. Limepenya. Akarudia hivyo hadi miduara yote ikajaa, halafu karatasi akailaza peke yake mahali pakavu pasipofikiwa na jua, ikauke saa kadhaa kabla ya kusafirishwa. Karatasi hizo zilianza kutumika kwa watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie alipotafuta njia rahisi ya kugundua ugonjwa mwingine wa kurithi kabla haujaharibu ubongo wa mtoto. Matone machache, karatasi, bahasha. Huhitaji hata barafu.

Nilisoma yaliyoandikwa pale juu. Tarehe ya kuzaliwa, uzito, na kwenye nafasi ya jina: "Mtoto wa", likifuatiwa na jina la mama yako. Basi. Sababu yake naielewa; mtoto na mama hawaachani siku zile za mwanzo, na kwa njia hiyo sampuli hazichanganywi. Silalamiki. Lakini nilisimama pale nikaona kwamba kila mtu atakayeishika karatasi hiyo, kuanzia pale mezani hadi maabara, atasoma jina lake yeye peke yake. Barua hii, ukipenda, ihesabu kuwa ndiyo sehemu yangu ya ile karatasi.

Usiku mama yako anakukagua vidole. Anavishika kimoja kimoja, anavibonyeza taratibu, anahamia miguuni. Amesoma kwamba dalili ya kwanza kwa watoto wengi ni kuvimba mikono na miguu. Nimemwambia bado ni mapema: mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tumboni, waiitayo F, na hiyo haipindi. Inakulinda miezi ya mwanzo, kisha inapungua kidogo kidogo, na kwa kawaida dalili huanza kujitokeza mtoto akikaribia nusu mwaka. Anajua. Ananijibu "najua", na anaendelea na kidole kinachofuata. Sikumkataza. Mimi nami nina yangu: simu yangu naichaji ikiwa bado imejaa.

Kwa sababu ya hiyo F, majibu ya mtoto mchanga huandikwa tofauti na ya mtu mzima. Yakija FA, huna chochote. Yakija FAS, uko kama sisi. Yakija FS, maana yake A haikuonekana kabisa, na hapo watakupima tena kwa njia nyingine kuthibitisha, kwani kipimo cha kwanza ni cha kuchuja tu.

Nikisema sina hofu na FS nitakuwa nakuongopea. Nimewaona watu wazima wakilia kwa maumivu ya mifupa ya ugonjwa huu. Lakini kupima mapema kuna maana yake, na maana hiyo ndiyo iliyotupeleka. Selimundu huiharibu bandama ya mtoto mapema sana, na mtoto asiye na bandama inayofanya kazi anaweza kuchukuliwa na bakteria katika muda wa saa chache, wazazi wakidhani ni homa ya kawaida. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walikuwa wakiwapa watoto wadogo wenye selimundu penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, wakilinganisha na dawa isiyo na kitu. Wakalisimamisha jaribio kabla ya wakati wake, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 84 na haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Basi wewe ikibidi utakunywa penisilini asubuhi na jioni kuanzia mwezi wa pili hivi, hadi miaka mitano. Utachanjwa zote. Tutajifunza kukupapasa chini ya mbavu za kushoto, tujue bandama ikivimba. Homa yako itakuwa safari ya hospitali saa ileile, hata iwe usiku wa manane, na atakayesema "tungoje kupambazuke" tutamwacha nyumbani angoje yeye. Baadaye kuna haidroksiyurea, dawa inayoirudisha ile F kwenye damu na kupunguza maumivu.

Mama yako na mimi tumegawana zamu. Yeye asubuhi, mimi jioni. Tumegawana penisilini ambayo hatujaandikiwa, ya mtoto ambaye hatujaambiwa kama anaihitaji. Tulicheka tulipogundua tunabishana juu ya kijiko.

Kuhusu wadogo zako, kama watakuja, hatujazungumza sana. Mama yako alilianzisha mara moja nikaona machozi yanamlenga, tukaliacha. Tutalizungumza. Ila hakuna atakayelizungumza na yeye peke yake nami nisiwepo. Hilo nimeshalisema kwa pande zote mbili za ukoo, na kuna walionuna. Wanune.

Lililobaki ni lako. Karatasi ya majibu tutakuwekea, iwe na herufi mbili au tatu. Ukiwa mkubwa ukampata mwenzi, usimwonyeshe yako kwanza, wala usimwombe atangulie yeye. Hata kama uliambiwa FA ukiwa mchanga, hata kama unaijua kwa moyo. Nendeni pamoja, siku moja, mtoe mikono pamoja, majibu myachukue pamoja. Likiwapo la kuamua, mtaliamua mkiwa mmeketi kiti kimoja, na atakayekuja kuuliza ni upande wa nani atawakuta wawili.

Baba yako