Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kurekebisha Kumbukumbu za Utumishi wa Ng'ambo na Medali

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wengine, habari za kazi.

Mambo ya kawaida ya chama nayapita haraka, maana makabrasha mnayo mkononi. Hesabu zimo kwenye taarifa ya mweka hazina na maswali ya fedha atayajibu yeye. Rambirambi zimelipwa kwa mujibu wa katiba. Nafasi kubwa naipa dawati la kumbukumbu, kwa sababu swali linaloletwa hapo ni lile lile kila wiki: mtu alitumikia nje ya nchi, karatasi zake hazisemi hivyo, na medali haikuandikwa. Afanyeje?

Kamati inashauri usianze na medali. Anza na mstari unaosema ulikuwa wapi, tangu tarehe gani hadi gani. Medali za kampeni na za ulinzi wa amani kwa kawaida hutolewa kwa siku ulizokaa mahali fulani. Mstari wa siku ukisimama, kuidai medali inakuwa kazi ndogo. Barua nyingi tunazozipokea zimeandikwa kinyume: kurasa mbili za manung'uniko juu ya medali, na hakuna tarehe hata moja ya kuingia wala ya kutoka.

Jambo la pili kabla ya kuandika chochote ni kujua nani mwenye kumbukumbu. Aliyepigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, au aliyekwenda Anjouan Machi 2008, alitumwa na JWTZ, na hakuna medali ya Umoja wa Mataifa inayotokana na safari hizo. Operesheni ya Anjouan ilikuwa ya Umoja wa Afrika. Aliyekuwa Darfur chini ya UNAMID, Lebanon chini ya UNIFIL au mashariki ya Kongo chini ya MONUSCO, zote misheni za ulinzi wa amani za Umoja wa Mataifa, ana kumbukumbu sehemu mbili, jeshini kwake na Umoja wa Mataifa. Vijana wetu waliojiunga na jeshi la Marekani, wakiwemo walioingia kwa mpango wa MAVNI (wa kuandikisha wageni wenye ujuzi au lugha zinazohitajika) ulioidhinishwa mwaka 2008, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika, mambo yao yote yako Marekani. Kumpeleka mmoja kwenye mlango wa mwingine ni kupoteza mwaka mzima.

Waliotumikia jeshi la Marekani

Hapa ndipo maswali yamekuwa mengi, na ndipo utaratibu ulivyo wazi zaidi, kwa hiyo naeleza kwa kirefu.

Hati ya kumaliza utumishi ni fomu DD 214. Tazama sehemu tatu. Kipengele 12f kinaonyesha utumishi wa nje kwa miaka, miezi na siku. Kipengele 13 kinaorodhesha medali, nishani na beji. Kipengele 18 ni cha maelezo, na humo ndimo huandikwa nchi ya operesheni pamoja na tarehe zake. Kosa la kawaida ni 12f kuwa na sifuri, au kipengele 18 kutotaja nchi kabisa. Sababu yake si fitina. Fomu hutayarishwa wakati askari anaondoka, kwa kutumia kilichomo kwenye jalada siku hiyo. Amri ya medali ikichelewa wiki mbili, au kikosi kikiwa hakijapeleka taarifa za safari, fomu inatoka na pengo. Askari naye anasaini haraka ili awahi ndege.

Hakikisha pia unayo nakala ndefu, ile inayoonyesha aina ya kuachwa jeshini na sababu yake. Nakala fupi haina sehemu hizo, na ofisi nyingi zitairudisha.

Asiye na DD 214 anaiomba kwa fomu SF 180 kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Fomu lazima isainiwe kwa mkono na kuwekwa tarehe. Isiyo na saini haishughulikiwi. Ipo njia ya mtandaoni pia, ila inadai uthibitisho wa utambulisho ambao walioko huku mara nyingi hukwama nao. Akifariki mhusika, wanaoweza kuomba ni mjane au mgane ambaye hajaolewa au kuoa tena, mzazi, mtoto, au ndugu wa kuzaliwa naye, na cheti cha kifo kiambatishwe. Mpwa na shemeji hawamo, hata kama ndio waliomuuguza.

Watu wengi wamesikia kwamba kumbukumbu ziliungua. Ni kweli: moto wa tarehe 12 Julai 1973 pale St. Louis uliteketeza mamilioni ya majalada. Lakini ulihusu wanajeshi wa nchi kavu walioachwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, na baadhi ya wale wa anga walioachwa kabla ya 1964. Aliyetoka jeshini mwaka 2014 asikubali jibu hilo kutoka kwa yeyote.

Kurekebisha kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kiutawala: kosa la wazi, ambalo karatasi za jalada lenyewe zinalithibitisha, husahihishwa na ofisi ya tawi husika la jeshi kwa kutoa fomu DD 215. Kwa kawaida hupewi DD 214 mpya. DD 215 inaambatana na ile ya zamani na zinasomwa pamoja, kwa hiyo ukipiga nakala piga zote mbili. Ngazi ya pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, ambayo huombwa kwa fomu DD 149. Kila tawi lina bodi yake, isipokuwa wanamaji na Marine Corps (askari wa majini) wanaotumia moja, na jeshi la anga na Space Force (la anga za juu) wanaotumia moja. Usiruke ngazi. Bodi ya jeshi la nchi kavu humrudisha mwombaji ambaye hajamaliza njia za kiutawala.

Muda wa kuomba bodi ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ukipita, bado unaweza kuomba, ila eleza kwa nini haki inadai wakusikilize. Sehemu hiyo ya fomu isiachwe wazi. Na mjue mnakwenda kwa nani. Bodi haitumi mpelelezi. Inaanza kwa kudhani kumbukumbu ziko sawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wa mwombaji. Majibu huchukua mwaka au zaidi, hivyo anayetarajia kutumia karatasi hiyo kwa jambo la mwezi ujao atafute njia nyingine.

Ushahidi wenye nguvu ni ule uliotengenezwa wakati ule ule: amri ya kupelekwa, amri ya medali yenye namba na tarehe, cheti cha medali, fomu ya madai ya safari DD 1351-2, taarifa ya tathmini ya kazi inayotaja kikosi na mahali, na salari slipu. Hii ya mwisho watu huidharau bure. Posho ya eneo la hatari, dola 225 kwa mwezi, na msamaha wa kodi kwa walioko eneo la vita huonekana humo mwezi kwa mwezi. Ukipanga slipu za miezi sita unapata kalenda ya safari nzima. Walioko jeshini bado wazipakue sasa, maana baada ya kutoka mlango huo hufungwa. Kiapo cha mwenzako wa kikosi kinasaidia iwapo anataja cheo chake, kikosi, na alivyokuona huko kwa macho yake. Picha yenye mchanga nyuma haina uzito peke yake. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha makazi yako Tandika au Mbezi, haithibitishi kwamba ulikuwa Bagram, kambi ya Afghanistan.

Kuhusu siku: medali za kampeni za Afghanistan na Iraq zinahitaji siku 30 mfululizo au 60 zisizo za mfululizo, isipokuwa kwa aliyeingia mapambanoni au kujeruhiwa. Aliyekuwa Djibouti au Somalia hadai hizo. Anatazama medali ya safari za vita dhidi ya ugaidi, na kipindi kimoja hakizai medali mbili za namna hii. Na angalieni tarehe. Karatasi ya Marekani ikiandika 03/10/2012 hadi 04/12/2012 ni 10 Machi hadi 12 Aprili, siku 34 ukihesabu ya kwanza na ya mwisho. Ukisoma kwa mazoea yetu unapata Oktoba hadi Desemba, unaandika hivyo kwenye ombi, na ombi linapingana na ushahidi wake lenyewe. DD 214 imeepuka mtego huo kwa kuandika mwaka kwanza: 20120310. Nasi tuandike hivyo.

Wapo wanaoona haya yote ni ya kupendezesha kifua. Si hivyo. Sheria ya Marekani ya PACT, iliyosainiwa tarehe 10 Agosti 2022, inatambua maradhi kadhaa kuwa yametokana na utumishi kwa waliokuwa nchi zilizotajwa, zikiwemo Somalia tangu Agosti 1990 na Djibouti tangu Septemba 2001. Maradhi yakishatambuliwa, upo mpango wa serikali ya Marekani unaolipia matibabu yake hata ukitibiwa hapa Dar es Salaam. Bila mstari wa nchi kwenye kumbukumbu, dai hilo linaanza likiwa linachechemea.

Majina

Juma Hamisi nyumbani, Jumah Hamis kwenye pasipoti, na jina la babu limegeuzwa la ukoo huko ng'ambo: majalada mengi yamekwama hapo. Ombi liandikwe kwa jina lililotumika jeshini, herufi kwa herufi, kisha hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili iunganishe majina yote na kutaja cheti cha kuzaliwa cha RITA. Anayetumia jina jipya kabisa asajili hati ya kubadili jina kwanza. Vyeti vya Kiswahili viende na tafsiri yenye saini ya mtafsiri.

Walinzi wa amani na wazee wa KAR

Medali ya Umoja wa Mataifa inahitaji siku 90 katika misheni. Medali ni ile ile ya shaba kwa misheni nyingi. Kinachotofautisha ni utepe. Kwa hiyo medali iliyopoteza utepe haisemi ilitoka Darfur au Lebanon, na bila cheti chake si ushahidi wa misheni yoyote. Jukumu la UNAMID lilikwisha tarehe 31 Desemba 2020, hakuna tena ofisi ya misheni ya kuandikia. Masuala yake yanaelekezwa makao makuu New York, na kwa askari wetu ni kupitia jeshini. Familia za waliouawa wakitumikia wakumbuke kuna medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997, ambayo hutolewa kwa marehemu na kukabidhiwa familia.

Kwa wajukuu wa wazee wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, nina neno moja gumu. Medali za nyota za Vita Kuu ya Pili, ikiwemo ya Burma, Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina. Medali iliyokutwa kwenye sanduku la babu inaweza kuwa yake, lakini haithibitishi. Za Vita Kuu ya Kwanza huwa na namba na jina, kwa kawaida ukingoni, basi zisomwe kwa kioo cha kukuzia kabla ya kusuguliwa. Kinachotafutwa ni namba ya jeshi na kikosi. Kitabu cha malipo au cheti cha kuachwa kina thamani kuliko nyota tatu.

Vishoka

Wamerudi, safari hii wakiahidi DD 215 kwa malipo. Kuomba marekebisho hakulipiwi, na medali za Marekani mhusika hupewa bila malipo. Gharama halali ni za wakili, tafsiri, nakala na EMS. Atakayetumia cheti cha kughushi, chama hakitamtetea.

Maombi kwa mkutano

Kamati inaomba ridhaa kwa mambo mawili. Kwanza, dawati lisipokee tena hati halisi, nakala tu, na yeyote ambaye hati zake bado ziko kabatini azichukue kabla ya mwisho wa mwezi kwa kusaini daftari. Pili, kinunuliwe kichanganuzi (skana) kimoja cha hati ili kila jalada liwe na nakala mbili za kidijitali, moja ibaki kwa mwanachama mwenyewe. Bei tatu za ushindani zimeambatishwa nyuma ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti