Kabla hujapanda boti

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea mjomba wako, anavuka asubuhi. Kwenye simu hunisikilizi, "ndiyo mama, ndiyo mama," na huku nasikia unacheka na wenzio.

Ratiba ya safari nimemsomea babaako mara mbili. Quito na Guayaquil huko Ecuador, kisha visiwa vya Galápagos. Yeye kinachomkosesha usingizi ni habari za majambazi wa Guayaquil. Mimi ni ule mstari wa chini: kisiwa cha Santa Cruz kwenda kisiwa cha Isabela, boti ya kasi, mwendo wa saa mbili. Kwa nini boti? Mtoto wa jirani kaniangalizia mtandaoni, Isabela kuna vindege vidogo vinatua.

Tena mmechagua Septemba. Bahari ya huko Septemba huchafuka, na maji ni baridi hata pengwini wanaishi pale pale kwenye ikweta. Septemba ya 2011, ilipozama meli yetu ya Spice Islander, sina haja ya kukukumbusha. Jaketi la kuokolea livae ungali gatini, usingoje kuambiwa, na ulifunge kamba zote. Hata mijusi ya huko inapiga mbizi kula mwani, wewe mtoto wa Unguja kuogelea hujui. Aliyekuwa akikufukuza ufukweni na mwiko mkononi unamjua, basi tuyaache.

Usidhani sifurahi. Mtaa mzima wanajua mwanangu anakwenda kwa pesa yake mwenyewe, sijaombwa hata shilingi. Ila niliposikia kuingia hifadhini tu ni dola 200 nilinyamaza. Hapa kwetu kisiwani Changuu kobe wapo, wa Shelisheli, na unawalisha majani kwa mkono. Hao wenu ukae nao mbali mita 2, kuwagusa marufuku. Haya, kila mtu na anachokipenda.

Quito ni mita 2,850 juu ya bahari, siku ya kwanza usijitie mbio, pumzi itakukatika. Ile achari imalizeni huko huko. Mizigo ya kwenda visiwani hupekuliwa, mbegu na matunda mabichi hawayataki, na mimi sitaki achari yangu ikaishie pipani.

Nauli ya kindege ikoje? Mwisho wa mwezi napokea upatu. Nilikuwa nimeuwekea tangi la maji, fundi kaliziba mara mbili na bado linavuja, lakini ndoo zipo, hatujafa kiu. Niambie mapema tu kabla sijamlipa. Ukikataa, basi unipigie kabla hujapanda, na ukishashuka. Saa za huko na za hapa hazilingani, najua, wewe piga hata usiku wa manane.

Paka wako kazaa juu ya kabati la sahani, watoto wanne. Na ufunguo wa kabati hilo siuoni tangu ulipoondoka. Hebu tazama kwenye ule mkoba wako wa kahawia, kama umo mpe mjomba arudi nao. Wageni wa Ijumaa nitawapakulia kwenye nini?

Mamaako