Barua kwa mwanangu anayetaka kujiunga na klabu ya wapiga picha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi sote hatujambo, na tumefurahi kusikia nawe u mzima. Barua yako nimeirudia kuisoma, hasa pale unapouliza kama kuna haja ya kujiunga na klabu ya wapiga picha ilhali mbinu zote zimejaa kwenye video, na kama watu watakupokea ukienda na simu tu. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe nalipenda mno.

Swali la simu tulimalize kwanza. Nenda nayo. Klabu inayompima mtu kwa bei ya kamera yake haina cha kukufundisha, tafuta nyingine. Simu nyingi za sasa zinakuruhusu kuchagua mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, na ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na mazoezi mengi ya klabu yanaanzia hapo. Tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo siku ya kujifunza f/2 na f/16, yaani tundu pana na tundu dogo, utaazima kamera ya mwenzako. Hiyo nayo ni sababu mojawapo ya kuwa na wenzako.

Kuhusu video, ni kweli zitakuonyesha jinsi ya kufanya. Hakuna video itakayokuambia picha yako wewe ina nini ndani yake. Hilo linahitaji macho ya watu walioketi nawe meza moja, na ndiyo maana kikao ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kutazama picha.

Kinaendeshwa hivi. Kila mtu analeta picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi, inawekwa mezani bila jina. Mwenye picha hasemi neno mpaka wengine wote wamemaliza. Wanaotazama wanaanza kwa kutaja wanachokiona tu: naona mkono, naona ukuta mweupe, naona mwanga unatoka kushoto. Baada ya hapo ndipo mtu anaruhusiwa kusema amependa nini au kimemkwaza nini, na lazima atoe sababu. Kusema tu "nzuri" hakuhesabiwi.

Mwanzoni utaona ni sharti gumu, hasa kunyamaza. Lakini fikiri: wewe mpiga picha unaiona picha yako pamoja na siku nzima uliyoipiga, jua lilivyokuwa, maneno aliyokuambia yule uliyempiga, jinsi ulivyochoka kumsubiri. Mtazamaji hana hata kimoja cha hivyo. Ana karatasi. Akishindwa kuona ulichokusudia, basi hakimo kwenye karatasi, na huwezi kumfuata kila mtazamaji ukamweleze. Ukinyamaza unasikia picha yako inasema nini yenyewe.

Kuna kifaa kimoja utakachokikuta mezani, nacho ni vipande viwili vya kadi nyeusi vilivyokatwa kama herufi L. Ukivikutanisha vinafanya fremu unayoweza kuipanua na kuibana juu ya picha. Niliwahi kupeleka picha ya mzee ameketi mlangoni kwake, nikiwa nimevutwa na uso wake. Mwenzetu mmoja aliitazama, akasogeza zile kadi chini taratibu mpaka vikabaki viganja viwili juu ya fimbo. Uso ukatoka kabisa. Ukiiona picha ile leo imetundikwa ukutani kwetu, ndiyo hiyo ya viganja. Mimi nilikuwa nayo wiki nzima sikuwa nimeifikia.

Baadhi ya klabu hupenda mashindano ya alama kila mwezi. Sikuzuii kushiriki, ila mimi naona alama huwasukuma watu kupiga kile kilichoshinda mwezi uliopita, na baada ya muda picha za klabu nzima zinafanana.

Sasa mbinu zenyewe. Nitakutajia chache ninazozithamini.

Zoezi la dirisha moja ni la kwanza. Mnaingia wawili wawili kwenye chumba chenye dirisha, kiti kimoja, kadi nyeupe na kadi nyeusi. Flashi hairuhusiwi. Mmoja anakaa ubavu kwa dirisha, mwingine anapiga, kisha kiti kinasogezwa mbali hatua kwa hatua. Kwa balbu ndogo, ukiongeza umbali mara mbili mwanga unaobaki ni robo. Dirisha kwa kuwa ni pana haliifuati kanuni hiyo sawasawa, lakini tofauti utaiona kwa macho: karibu na dirisha uso unang'aa na ukuta wa nyuma unazama gizani, mbali nalo, uso na ukuta vinakaribiana. Kadi nyeupe upande wa pili inarudisha mwanga kwenye kivuli. Kadi nyeusi inakikoleza kivuli, na hii wengi hawaijaribu, ingawa kwa uso wenye mikunjo ya umri ndiyo yenye nguvu zaidi.

Hapo hapo kwenye zoezi la dirisha utajifunza jambo ambalo kwa watu wa rangi yetu ni la lazima. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Watu hulaumu kamera au, vibaya zaidi, humlaumu anayepigwa picha. Dawa ni kupima mwanga usoni kwake. Kwenye simu unagusa uso wake kwenye kioo. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kipimo cha uso pekee nacho kitamng'arisha kupita alivyo, kikimvuta kuelekea kijivu kile kile. Punguza kidogo mpaka umwone yeye. Halafu mgeuze taratibu kuelekea dirishani, uangalie mng'ao unavyotembea kwenye paji la uso, shavu na kidevu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, na ukishalijua hilo hutamulika tena mtu kwa flashi ya usoni moja kwa moja. Tafuta picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mtu kukiwa na kitambaa cha maua. Mtazame kila mtu mle anavyoonekana kwa heshima yake yote.

Siku ya jua kali klabu huchapa picha za buluu, na hapo hata asiyekuwa na kamera ana kazi. Mbinu hii huitwa sayanotaipu. Zinatakiwa chumvi mbili zenye madini ya chuma, yaani feriki amonia sitreti na potasiamu ferisianidi. Kila moja inayeyushwa kwa maji peke yake, kisha zinachanganywa sawa kwa sawa na kupakwa kwenye karatasi kwa brashi, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Vaa glovu, na ile ya pili isikutane na asidi kali wala kupashwa moto mkubwa, kwani hutoa gesi ya sumu. Karatasi ikikauka ina rangi ya manjano yenye ukijani. Unalaza jani juu yake, au unyoya, au negativi, unafunika kwa kioo na kuipeleka juani kwa dakika kadhaa mpaka pale palipopigwa na jua pageuke kijivu cha shaba. Unaiosha kwa maji tu. Mahali palipofunikwa panaoshwa na kubaki peupe, kwingine pote panageuka buluu, na buluu hiyo inaendelea kukolea kadiri karatasi inavyokauka.

Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu ya historia yake. Aliyeigundua ni John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1842. Alikuwa rafiki wa familia ya mwanamke mmoja mtaalamu wa mimea, Anna Atkins, na mwaka uliofuata tu, 1843, Atkins alianza kutoa sehemu za kitabu cha mwani wa baharini, kila mmea umelazwa juu ya karatasi ya buluu na kupigwa jua. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza kuwa na picha zilizotengenezwa kwa mwanga. Herschel alikuwa na dawa. Atkins alikuwa na mimea na shida ya jinsi ya kuionyesha sawasawa. Mbinu ilipata matumizi yake ilipofika kwa mtu mwenye haja tofauti na ya aliyeivumbua. Mwanangu, hilo ndilo ninalotaka ulishike kuhusu klabu, na nimeliona likitokea mara nyingi mezani kwetu: mtu anaeleza mbinu aliyoizoea hadi imemchosha, na aliye pembeni yake anakwenda kuifanyia kitu ambacho mwenyewe hakukiwazia.

Kuchora kwa mwanga kulipata umaarufu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimtembelea mchoraji Picasso na kumwonyesha picha za watelezaji wa barafu waliofungwa taa ndogo kwenye viatu. Picasso akashika taa na kuanza kuchora hewani, gizani, shata ikiwa wazi. Klabuni mtafanya hivyo kwa tochi. Kamera juu ya stendi, ISO 100, f/8, shata wazi kwa sekunde 20 au 30, taa zote zimezimwa. Anayechora avae nguo nyeusi na asisimame mahali pamoja muda mrefu, hataonekana. Akitaka kuandika herufi, na aelekeze tochi kwenye kamera. Akitaka kumulika kitu, aigeuzie kamera mgongo. Kuna watu huzungusha nyuzi za chuma zinazowaka ili zirushe cheche. Mimi siipendi mbinu hiyo karibu na watu wala majani makavu, na nakuomba usiifanye.

Kumfuata mtu wa baiskeli kwa kamera, shata ikiwa 1/30 ya sekunde, hadi yeye atulie na nyuma yake pageuke michirizi, utajifunza kwa kurudia. Zungusha kiuno, miguu isihame, na usisite baada ya kufyatua. Kutikisa kamera kwa makusudi mbele ya miti, juu chini kwa nusu sekunde, ni tamu lakini huchosha haraka.

Ila hii ya plastiki usiikose. Vioo vingi vya kompyuta hutoa mwanga ambao mawimbi yake yamepangwa upande mmoja. Fungua ukurasa mweupe kioo kizima, weka mbele yake rula ya plastiki angavu, au kijiko cha plastiki, kisha piga ukiwa umefunga filta ya polarizi, ile inayopitisha mawimbi ya upande mmoja tu, kwenye lenzi na kuizungusha taratibu. Ukurasa mweupe utageuka mweusi, na ndani ya plastiki zitatokea rangi za upinde wa mvua, zikikusanyika pale plastiki ilipobanwa wakati wa kutengenezwa. Watu wazima hushangilia kwa sauti wakiiona mara ya kwanza.

Wazee wa filamu utawakuta pia. Kaa nao. Waombe wakufundishe kusafisha filamu, na kuchapa picha kwenye karatasi katika chumba cha giza chini ya taa nyekundu, hata kama hutaendelea na kazi hiyo. Mtu aliyezoea mkanda wa picha 36 hufikiri kabla ya kufyatua, na ukitembea naye utaona anavyosimama, anavyosubiri, anavyopiga moja na kuondoka. Klabu nyingi huwa na matembezi yenye sharti kama hilo: eneo dogo, picha 12 kwa kila mtu, hakuna kufuta. Mnapozipanga pamoja jioni mnakuta barabara ile ile moja kila mtu ameiona yake. Kwenye matembezi hayo, ukitaka kumpiga mtu kwa karibu, mwombe ruhusa. Akikataa mshukuru uendelee. Kwa watoto, mwombe mzazi.

Mwisho kabisa, usiende klabuni kusikiliza tu. Wewe una mikono myepesi ya kuhariri picha kwenye simu, najua unaweza kulaza picha moja juu ya nyingine zikawa moja na mtu asione mahali zilipoungana. Jitolee kufundisha hilo mapema, kikao cha pili au cha tatu. Utaulizwa maswali ambayo hukuwahi kujiuliza, na ukishindwa kujibu, mtatafuta jibu pamoja hapo hapo.

Basi chagua picha zako tatu, uzichapishe kwenye karatasi, uende nazo kikao kijacho. Ya nne nitumie mimi. Usiandike jina wala maelezo yoyote, hata kwangu usinieleze. Nitaiweka kwenye meza yetu kama picha ya mtu yeyote, nitanyamaza kwa niaba yako, na nitakuandikia neno kwa neno walichosema.

Wako akupendaye,
Mama