Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikajigamba kwa idadi ya miche ya miti ya asili ya hapa kwetu iliyotoka kitaluni kwetu. Mlipiga makofi, nami nikayapokea. Mwaka huu idadi hiyo ameiweka katibu kwenye kiambatisho, nami sitaisoma. Tangu siku ile kamati imepita bustani moja baada ya nyingine, na mingi kati ya miche tuliyoigawa hatukuikuta.

Mingine ilikufa kwa kiu, hilo tulilitarajia. Iliyoniuma ni ile tuliyoiua wenyewe. Tuling'oa michache iliyodumaa, tukakuta mizizi imejiviringa kama kamba, bado ina umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki ilimokulia. Ilikaa kitaluni mno, na hakuna mpandaji aliyeambiwa aikate ile mizizi iliyozunguka kabla ya kufukia. Mche mmoja ulikuwa ungali ndani ya kiriba chenyewe. Mwenye bustani alisema hakuna aliyemwambia akichane, na alisema kweli.

Halafu ipo iliyopuliziwa dawa. Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Mwanachama mmoja alinipigia simu jioni: "Mwenyekiti, mche wako unaliwa." Asubuhi nilikwenda. Majani yametoboka kama chekecheke, na chini ya kila jani wamejibanza viwavi wa kijani. Mwenyeji wangu alikuwa na bomba la dawa mgongoni tayari. Nikamwomba tukae kwanza kizingitini. Haikupita robo saa, akaja ndege mdogo, akachomoa kiwavi, akamgongagonga kwenye tawi, akaruka naye hadi chini ya paa la jirani. Akarudi. Akarudi tena. Kule juu tulisikia makinda yakilia. Nilimuuliza mwenyeji wangu kama bado anataka kupuliza. Hakunijibu, ila bomba alilirudisha stoo.

Mti wa asili ukiliwa, umeanza kazi. Mimea hujilinda kwa kemikali zilizomo kwenye majani, na wadudu wengi walao majani wamezoea kemikali za mimea michache tu waliyoishi nayo tangu zama. Kipepeo wa Marekani Kaskazini aitwaye monarch ni mfano mzuri: viwavi wake hula mimea ya kundi moja tu, ile yenye utomvu mweupe wenye sumu. Ikifyekwa, kipepeo naye hana pa kutaga. Mkaratusi uliotolewa Australia ukapandwa mbali na kwao huwa na majani masafi, nasi tunausifu kwa hilo. Lakini ndege mwenye makinda akija pale atakuta ghala tupu. Na msidanganyike na ndege walao mbegu; wengi wao nao huwalisha makinda wadudu.

Wataalamu wamehesabu kwamba jozi moja ya chickadee, ndege mdogo wa huko Marekani, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda ya kiota kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye bustani za nyumba za eneo la Washington, ulionyesha kwamba ndege hao hawawezi kudumisha idadi yao pale ambapo mimea ya asili haifiki asilimia 70 ya mimea yote. Nilipoisoma hiyo nilitoka nje kuipima bustani yangu mwenyewe. Sifiki hata nusu. Nina jakaranda mbili ambazo sina moyo wa kuzikata, na sitazikata. Nitapanda vichaka kuzizunguka.

Kuna aibu moja zaidi. Fungu la miche tulilonunua kwenye kitalu kimoja, tukaambiwa ni ya asili, lilipochanua likawa ni lantana. Mmea huo ulitoka Amerika ya kitropiki, na leo ni gugu sugu Afrika, Asia na Australia. Ndege huyapenda matunda yake, na ndivyo mbegu zinavyosambaa. Mliopewa, ng'oeni na mizizi yake. Kuanzia sasa tutaokota mbegu wenyewe, kwa ruhusa ya wenye maeneo, tena kutoka miti mama kadhaa, maana watoto wa mti mmoja wakipatwa na ugonjwa hupukutika pamoja.

Mengine kwa ufupi. Aliyepanda mkuyu hatua mbili kutoka ukutani auhamishe ungali mdogo. Mwenye uwanja finyu achague vichaka. Wenye bidii ya ufagio wapunguze: kwenye majani makavu wamo mabuu na wadudu wengine wanaosubiri msimu wao, na tukiyachoma tunawachoma nao. Acheni pia kipande cha udongo mtupu kisichofunikwa kwa matandazo, kwa kuwa nyuki wengi wanaoishi mmoja mmoja, si kwa kundi mzingani, huchimba viota vyao ardhini.

Kamati inaomba mkutano uridhie tugawe miche michache kuliko mwaka huu, kila mche utembelewe baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka, na taarifa ijayo ihesabu iliyo hai tu. Najua idadi itakuwa ndogo na mwenyekiti ajaye hatapigiwa makofi.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Yule mwenye bomba amejiunga na timu ya kitalu, na ndiye atakayewaonyesha, baada ya kikao, jinsi ya kuchana kiriba bila kuvunja mzizi mkuu.

Mwenyekiti